Je, wajua kwanini mtu wa kuuawa Hawaii alikuwa anapona akivuka ukuta wa mawe?

Hawaii ya zamani kivuli chako tu kikimwangukia chifu unauawa. Kweli kabisa. Walikuwa na miiko wanaita kapu, na ilikuwa mingi, mwanamke hali nguruwe wala ndizi nyingi, mume na mke hawali pamoja, ukivunja unasakwa mpaka upatikane maana waliamini ukiachwa hai miungu itakasirika na volkano au tsunami itawaangukia watu wote.

Njia ya kupona ilikuwepo, ukimbilie puʻuhonua, mahali pa kimbilio, na inayojulikana sana ni ya Hōnaunau, pwani ya Kona kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii. Ukishaingia humo hakuna wa kukugusa, kuhani anakufanyia ibada ya kukutakasa unarudi kwenu umesamehewa. Hata wakati wa vita wazee, watoto na walioshindwa walijificha hapo. Kazi ilikuwa kufika, upande wa bara ni makao ya chifu, mtu wa kawaida hakanyagi, ndo maana inasimuliwa watu walivuka ghuba kwa kuogelea.

Sasa kwanini pale? Ni mifupa. Waliamini chifu ana nguvu takatifu, mana, na hata akifa inabaki mifupani. Mwisho wa ukuta wa mawe unaotenga kimbilio na makao ya chifu kuna nyumba inaitwa Hale o Keawe, humo iliwekwa mifupa ya machifu 23, na mana yao ndo ililinda eneo lote. Hapa ndo panaponigusa mimi, yani nguvu ileile iliyofanya kivuli chako kiwe kosa la kifo ndo hiyohiyo inakukinga ukishaingia ndani.

Ukuta wenyewe una kama mita 300, unene mita 5 hivi, mawe ya volkano yamepangwa bila udongo wala chokaa na mpaka leo umesimama!

Kapu iliisha 1819, mfalme wa Hawaii Kamehameha alipofariki, mwanae Liholiho akakaa kula na wanawake mbele za watu, akiwemo Kaʻahumanu mjane wa baba yake, na miungu haikufanya kitu. 1829 Kaʻahumanu huyohuyo akaamuru mifupa ihamishwe. Nyumba unayoiona sasa imejengwa upya, ndani hamna mifupa, ila wenyeji bado wanaleta sadaka hapo.