Maandishi Kwenye Chati za Excel: Dhana na Ukweli

Dhana: Kisanduku cha maandishi ukikiweka juu ya nukta, kitabaki na nukta yake.

Hakibaki, na hili ndilo kosa linaloharibu ripoti nyingi. Kisanduku hakiijui data. Kinachoshika ni nafasi yake ndani ya fremu ya chati. Tuseme umechora grafu ya laini za simu nchini Kenya, 2000 hadi 2015, na juu ya 2007 ukaandika "M-Pesa yaanza". Ukiongeza takwimu hadi 2024, miaka inabanana, nukta ya 2007 inasogea kushoto, na maneno yako yanabaki juu ya mwaka usiohusika. Excel haitakuonya. Msomaji ataamini anachokiona.

Tumia lebo ya data, kwa sababu yenyewe imefungwa kwenye nukta na huhama nayo. Bofya mstari, bofya tena nukta unayoitaka, kisha ongeza lebo. Afadhali zaidi, tenga safu ya maelezo pembeni ya takwimu, uiache tupu isipokuwa kwenye mwaka wenye tukio, halafu uiagize lebo isome maneno kutoka kwenye seli hizo badala ya kuonyesha thamani. Uwezo huo umekuwepo tangu Excel 2013, na ningependa kila anayefundishwa chati aanze nao.

Dhana: Kinachoonekana juu ya chati ni sehemu ya chati.

Inategemea ulibofya wapi kwanza. Kama chati haikuwa imechaguliwa ulipochora kisanduku, kisanduku ni cha karatasi ya kazi ya Excel, si cha chati. Ukinakili chati kwenda Word, maneno yanabaki nyuma. Kikate, chagua chati, kibandike. Kwenye LibreOffice Calc, programu ya majedwali inayofanana na Excel, bofya chati mara mbili kabla ya kuandika.

Dhana: Maneno ya kisanduku lazima yaandikwe upya kila takwimu zinapobadilika.

Si lazima, kisanduku kinaweza kusoma seli. Chagua kisanduku, andika alama ya = kwenye upau wa fomula, bofya seli, bonyeza Enter. Kisanduku hakipokei fomula, hupokea rejeleo la seli tu, kwa hiyo fomula iandike kwenye seli: ="Jumla: "&TEXT(B20,"#,##0").

Dhana: Nguzo za mrundikano (zenye sehemu zilizopangwa moja juu ya nyingine) haziwezi kuandikwa jumla juu.

Ni kweli nguzo hizo hazina chaguo la lebo ya nje. Lakini kuna njia: ongeza mfululizo wa jumla, yaani safu ya takwimu zenye jumla ya kila nguzo, ugeuze kuwa mstari, uwekee lebo za juu, kisha uufanye mstari wenyewe usionekane na uufute kwenye ufunguo wa chati.