Achaneni na hiyo asilimia 24

Kila inapokaribia hatua kubwa ya milimani, yaani siku ya kupanda milima katika mbio za baiskeli, simu yangu hugeuka kero. Mtu anakata kipande cha mchoro wa njia, anazungushia duara jekundu pale palipoandikwa mwinuko wa asilimia 20 na ushee (mita 20 na ushee za kupanda kwa kila mita 100), ananitumia na maneno yaleyale: "Kocha, hapa ndipo watakapokufa." Msimu huu maduara yamezidi. Naandika mara moja, ili wa kesho nimtumie hii tu nikaendelee na kazi zangu.

Hawatakufa hapo. Wakionekana wamekufa hapo, jueni walikwisha kufa kitambo; hapo ni mahali maiti ilipookotwa.

Hesabu kwanza, nazo ni fupi. Chukua wapandaji wawili wenye uzito sawa, mmoja anamzidi mwenzake nguvu kwa asilimia 3. Mlima ukiwa mkali, mwendo unafuata wati kwa kilo (nguvu ya miguu ukiigawa kwa uzito) karibu moja kwa moja, kwa hiyo pengo la muda nalo ni kama asilimia 3. Asilimia 3 ya nini? Ya muda wa kupanda. Ukuta wa kilomita moja wenye asilimia 18 unawachukua hawa watu dakika 5 hivi, kwa hiyo pengo ni sekunde 9. Mlima wa dakika 40, hata uwe na asilimia 8 tu, unatoa sekunde 72. Ukali wa mlima haumo kabisa kwenye hesabu hiyo. Kilichomo ni saa.

Ndiyo maana La Flèche Wallonne, mbio za siku moja za Ubelgiji, inayomalizikia juu ya Mur de Huy, ukuta wa kilomita 1.3 ambao watu wanaupanda nyuso zimekunjamana kama wanang'olewa meno, mara nyingi huamuliwa kwa sekunde chache. Alpe d'Huez, mlima wa Ufaransa, kilomita 13.8 zenye wastani wa asilimia 8.1, haina hata kipande kimoja cha kutisha kama kile. Lakini waulize waliozimika kwenye kona ya tatu kati ya zile 21 walipoteza dakika ngapi.

Mnanijibu: Angliru je? Haya, Angliru, mlima wa Hispania. Kilomita 12.5, karibu asilimia 10 kwa wastani, na pale kwenye kipande kiitwacho Cueña les Cabres inapita asilimia 23. Vuelta, mbio za wiki tatu za Hispania, ilipopita hapo mwaka 2023, Roglič na Vingegaard walifika pamoja, na Kuss, aliyekuwa na jezi nyekundu ya kiongozi wa mbio, akafika nyuma yao kwa sekunde 19. Sekunde 19 kwenye mlima unaoitwa mkali kuliko yote ya mbio hizo! Jezi ikabaki kwake kwa tofauti ya sekunde 8. Kwa gia za siku hizi ukuta hauwazuii tena kama ulivyowazuia babu zao, waliokuwa wakisimama kwenye pedali na kuinyonga baiskeli huku na huku. Sasa wanaketi, wanazungusha, kila mmoja kwa kasi yake, na kasi zenyewe kule juu ni ndogo kiasi kwamba pengo la mita 20 linaonekana kubwa kwenye televisheni kuliko lilivyo kwenye saa.

Hapa nawapa haki yenu kidogo. Ukuta una kazi moja ya kweli: unamwondolea kiongozi wasaidizi wake, yaani wenzake wa timu wanaomkinga upepo. Na hili nitalikalia, maana ndilo linalonikera kuliko maduara yenyewe. Kuna imani kwamba mlimani upepo hauna kazi, kwa hiyo kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako hakusaidii kitu. Nani aliwafundisha? Mwinuko wa asilimia 5 hawa watu wanaupanda kwa kilomita 27 kwa saa. Kwa mwendo huo, karibu moja ya tano ya wati zote zinaliwa na hewa. Kwenye asilimia 8, kwa kilomita 20 kwa saa, hewa bado inakula kama moja ya kumi na mbili. Sasa yule anayewafuata wenzake anaokoa sehemu kubwa ya hiyo, dakika baada ya dakika, na yule anayechomoka peke yake anailipa yote.

Kwa hiyo mlima wa asilimia 5 au 6 ulio mrefu, ule ambao kwenye mchoro mnauruka kama haupo, ndio mlima wa timu yenye nguvu. Wasaidizi wanne wanashika mbele mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anajimaliza, anakaa pembeni. Hakuna anayechomoka kwa sababu hakuna mwenye wati za kuchomokea. Mtazamaji anasema hatua imelala. Kocha anaangalia magurudumu ya nyuma yakikatika moja moja na anajua kuna watu wanakamuliwa. Huyo anayekamuliwa ndiye mtakayemzungushia duara kilomita 60 baadaye, mkisema ukuta umemuua.

Mfano ninaoupenda ni hatua ya 11 ya Tour de France ya 2022. Mlima wa mwisho ulikuwa Granon, kilomita 11 na kidogo zenye asilimia 9 na ushee, na kila mtu alikuwa akiusubiri huo. Lakini Jumbo-Visma, timu ya Roglič na Vingegaard, walianza kazi mapema, kwenye Télégraphe na Galibier, milima ya kabla yake, dhidi ya Pogačar aliyekuwa akiongoza. Roglič anachomoka, Pogačar anamfuata. Vingegaard anachomoka, Pogačar anamfuata. Tena. Na tena. Kijana Pogačar alijibu kila mwito kana kwamba ni wa mwisho, na kila jibu lilikuwa na bei. Kwenye kilomita 5 za mwisho za Granon, Vingegaard alipoondoka, aliyebaki nyuma hakuwa na cha kulipia. Pogačar alipoteza dakika 2 na sekunde 51, na jezi ya njano ya kiongozi. Aliuawa Galibier, akaokotwa Granon.

Mwenye kubisha namletea Col de la Loze, mlima mwingine wa Tour de France. Mlima huu una vipande vya asilimia 20 na zaidi karibu na kilele, na ndiko maduara mengi yanakotoka. Mwaka 2020 hatua ya 17 iliishia juu kabisa, mita 2,304. López alishinda, Roglič akafika nyuma yake kwa sekunde 15, Pogačar kwa 30. Kati ya wawili waliokuwa wakigombea jezi ni sekunde 15 tu. Mwaka 2023 hatua ya 17 ikapita tena kwenye mlima huohuo na kumalizikia Courchevel. Safari hii Pogačar alisema kwenye redio ya timu kwamba amekwisha, na alifika dakika 5 na sekunde 45 nyuma ya Vingegaard.

Asilimia za kilele zilikuwa zile. Hazikukua ndani ya miaka mitatu. Kilichobadilika ni kila kitu kingine: milima mitatu kabla yake siku hiyo, jumla ya kupanda zaidi ya mita 5,000, mbio za kupimwa muda peke yako siku iliyotangulia, ambazo zilimtoa kila mtu roho, na mkono ambao Pogačar aliuvunja mwezi Aprili ule, uliomkatia mazoezi. Ninyi mnaniletea namba moja. Mimi nataka kujua mtu amelala vipi tangu Jumatatu.

Wastani nao ni mwongo, ila nitalipita haraka. Mlima wenye kilomita mbili za kushuka katikati unaandikiwa wastani mdogo, na watu wanauona mwepesi. Na ile namba kubwa kabisa mara nyingine imepimwa kwa mita chache upande wa ndani wa kona kali, mahali ambapo hakuna mwenye akili anayepitisha gurudumu. Angalieni kilomita kwa kilomita. Basi.

Urefu kutoka usawa wa bahari ni jambo jingine, na hapa nakiri nasitasita. Kwamba ukivuka mita 2,000 wati unazoweza kuzishikilia zinapungua, hilo halina ubishi; oksijeni haitoshi, na hewa nyepesi inayopunguza upinzani haifidii kwa mwendo huo wa pole. Shida ni kwamba haipungui kwa wote sawasawa. Nimewahi kuwa na vijana wawili wenye namba zinazofanana bondeni kama pacha. Juu mmoja alipanda kama hakuna kilichotokea, mwenzake akawa mzee ghafla. Vitabu vina mstari mzuri ulionyooka wa kushuka kwa nguvu. Mimi mstari ule nimeacha kuuamini kwa mtu mmoja mmoja. Nawapeleka juu, naangalia.

Joto, kula, kunywa: mnajua. Asiyekula gramu 90 za wanga kwa saa tangu asubuhi asinilalamikie mlima.

Sasa nijipige mwenyewe, maana haki ni haki. Hesabu zangu zote hizi zilikaa kimya kwenye Colle delle Finestre mwaka 2025. Mlima wa kilomita 18.5, asilimia 9.2, kilomita 8 za juu ni changarawe. Ni hatua ya 20 ya Giro, mbio za wiki tatu za Italia. Del Toro ana jezi ya waridi ya kiongozi, Carapaz yuko nyuma yake kwa sekunde 43, Simon Yates kwa dakika 1 na sekunde 21. Carapaz anashambulia tangu chini, Del Toro anamng'ang'ania. Yates anawafikia, anachomoka, anaondoka. Na hao wawili? Wanatazamana. Kila mmoja anamngoja mwenzake afanye kazi. Mbele ya Yates kulikuwa na van Aert, aliyejitoa mapema na waliotangulia. Akamsubiri, akamvuta bondeni kuelekea Sestriere, ilikoishia hatua. Del Toro alipoteza zaidi ya dakika 5 siku ile, na Yates akalichukua Giro kwa dakika 3 na sekunde 56.

Dakika 5 hizo utaziandika kwenye safu gani? Miguu ya Del Toro haikuwa imekwisha. Hakuna wati iliyomwangusha. Walikuwa watu wawili walioogopana kuliko walivyoogopa kushindwa na wa tatu, na mimi sina fomula ya hilo. Mlima mkali ulisaidia tu kwa kuwaacha bila wasaidizi wa kuwaamulia.

Na Yates huyohuyo, mlima huohuo, mwaka 2018 alikuwa yeye mwenye jezi ya waridi. Timu ya mpinzani wake Froome ilianza kusukuma tangu chini ya Finestre, Froome akaondoka zikiwa zimebaki kilomita 80, na Yates akapoteza zaidi ya dakika 38. Miaka saba baadaye changarawe ileile ikamrudishia. Nikijaribu kueleza siku ile ya 2018 ninaweza kusema alitumia nguvu nyingi wiki mbili za kwanza, na nadhani ndivyo. Lakini nimeona waliotumia zaidi wakasalimika.

Kwa hiyo hatua ikianza, duara lenu wekeni kando. Mimi nitaangalia mlima wa kabla ya mwisho: kiongozi ana wasaidizi wangapi kileleni, na nani kati ya wapinzani wake amepeleka mtu mbele asubuhi bila sababu inayoonekana. Nitaangalia pia nani ameacha kunywa. Mkiniuliza nani atashinda nitawajibu jina, kama kawaida yangu, na mnaokumbuka jina nililowapa safari iliyopita naomba mkae kimya.