Kabureta ya injini ya barabarani: ukubwa wa namba si ukubwa wa nguvu

Injini ikishapata kemshafti (mhimili unaofungua valvu) yenye makali kidogo, manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) nzuri na mabomba ya eksosi yasiyobana, swali linalobaki ni kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Hapo kila mtu hugeuka fundi. Mengi yanayosemwa yana chembe ya ukweli, lakini ni ukweli wa injini ya mashindano.

"Chukua kubwa zaidi, injini itavuta hewa nyingi zaidi."

Injini haivuti kinachopatikana, huvuta inachohitaji. Na hitaji hilo linahesabika: zidisha ujazo wa injini kwa inchi za ujazo na mizunguko ya juu kabisa kwa dakika, kisha gawanya kwa 3456. Namba hiyo haikuokotwa. Futi moja ya ujazo ina inchi 1728, na injini ya mipigo minne hujaza kila silinda mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo ni 1728 mara mbili.

Tuchukue V8 (injini ya silinda nane) ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, isiyopita mizunguko 5500 kwa dakika. Jibu ni futi za ujazo 557 kwa dakika, na hiyo ni kama silinda zingejaa kabisa. Injini ya kawaida ya barabarani hujaza kama asilimia 80 hadi 85. Kwa asilimia 85 unabaki na takriban 473. Namba ya kabureta ni hewa inayoweza kupitisha, kwa futi za ujazo kwa dakika, kwa hiyo ya 600 inatosha na kusaza. Anayefunga ya 850 hapo ananunua matundu ambayo injini yake haitayatumia.

Tena hasara yake haiishii mfukoni. Petroli haisukumwi kuingia kwenye hewa, hunyonywa. Hewa ikipita kwenye sehemu iliyobanwa ya koo la kabureta, venturi, huongeza kasi na shinikizo lake hushuka. Mshuko huo ndio unaonyanyua mafuta kutoka kwenye bakuli la boya, kibakuli cha petroli ndani ya kabureta. Koo likiwa pana mno, kwa mizunguko ya chini hewa hupita polepole na mnyonyo unakuwa dhaifu. Unakanyaga eksileta ghafla, hewa inaingia mara moja, petroli inachelewa, na gari linasita kama limekumbushwa deni. Wengi hudhani hapo mafuta yamezidi, wakapunguza jeti (vitundu vinavyopima petroli). Mara nyingi kwa sekunde hiyo yamepungua, na pa kuanzia kuangalia ni pampu ndogo ya eksileta, inayorusha petroli unapokanyaga, pamoja na tundu lake la kunyunyizia.

"Mbona Quadrajet ni 750 na ilifungwa hata kwenye injini ndogo?"

Hoja nzuri, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kabureta hii ya Rochester ina koo mbili za mbele nyembamba na mbili za nyuma pana sana. Mwendo wa kawaida unatumia zile nyembamba, kwa hiyo hewa inakimbia na mnyonyo upo. Juu ya zile pana kuna kifuniko chenye springi kinachofunguka kwa kiasi ambacho injini yenyewe inavuta. 750 ni kikomo chake. Injini ndogo haifiki huko kamwe. Ukichukua 750 yenye koo nne zilizo sawa, zinazofunguliwa kwa waya wa eksileta tu, huna kitu hichohicho hata namba zikifanana.

"Namba ni namba."

Sivyo. Kabureta ya koo nne kwa kawaida hupimwa kwa mnyonyo wa inchi 1.5 za zebaki (kipimo cha nguvu ya mnyonyo), ya koo mbili kwa inchi 3. Ile ya koo mbili iliyoandikwa 500, ukiipima kwa kipimo cha zile za koo nne, ni kama 350 tu.

"Koo za nyuma zinazofunguliwa na mnyonyo ni za wazee."

Basi wazee walijua. Gari zito lenye gia za otomatiki linafaidika na koo za nyuma zinazosubiri hadi injini ihitaji hewa. Zinazofunguliwa moja kwa moja na mguu, zenye pampu mbili za eksileta, zinafaa gari jepesi lenye gia za mkono na difu fupi (inayozungusha injini haraka zaidi kwa mwendo uleule), na dereva mwenye subira mguuni. Dereva wa aina hiyo ni wachache, na mimi simo. Kama aina ya mnyonyo inachelewa kufunguka, badilisha springi yake kwa laini zaidi kabla ya kubadilisha kabureta.

"Ikitoka kwenye boksi, funga uondoke."

Itawaka, ndiyo. Lakini kabureta za Holley zina valvu ya nguvu inayoongeza mafuta mnyonyo wa manifoldi ukishuka chini ya kiwango fulani, na mara nyingi iliyomo hufunguka kwa inchi 6.5 za zebaki. Kemshafti yako mpya ikiwa imeshusha mnyonyo hadi inchi 6 injini ikiwa imetulia kwenye gia, valvu hiyo inakaa wazi muda wote. Plagi zinakuwa nyeusi, petroli inanuka, na skrubu za mchanganyiko unazizungusha mpaka unachoka. Funga geji ya mnyonyo kwanza. Kanuni ya mafundi ni kuchagua valvu ya takriban nusu ya mnyonyo unaousoma hapo: ukisoma 9, tafuta ya 4.5.

"Pampu kali ya mafuta haina madhara."

Ina. Sindano ya boya, inayofunga petroli bakuli likijaa, huzuia shinikizo la kiasi tu. Kabureta za Edelbrock zenye muundo wa kabureta za Carter hufurahia karibu 5.5 psi (pauni kwa inchi mraba), pampu ya umeme iliyokusudiwa mfumo wa sindano za mafuta husukuma mara nyingi zaidi ya hapo, na petroli itafurika juu ya injini yenye moto. Weka regyuleta, au tafuta pampu nyingine.