Bangili ya shaba ikibadilika rangi, usiikimbilie na ndimu

Bangili ya shaba nyekundu iliyopachikwa jiwe la feruzi, ikishavaliwa miezi michache hapa Dar es Salaam, hupoteza ule wekundu wa dukani. Hugeuka hudhurungi, na kwenye mifereji ya nakshi huwa karibu nyeusi. Wengi hudhani wameuziwa bandia. Sivyo, shaba halisi ndivyo ilivyo. Hewa na jasho huijengea utando mwembamba, na utando huo ukikaza huikinga shaba iliyo chini yake. Alama ya kijani mkononi nayo huondoka ukinawa kwa sabuni. Fedha pia hufanya weusi, hasa kwa sababu ya salfa iliyo hewani.

Sisi tunaohifadhi vito vya zamani hatuuondoi utando huo ovyo, kwa kuwa ndio unaoonyesha kazi ya fundi: palipoinuka husuguliwa na nguo pakang'aa, mabondeni weusi hubaki. Kidani kilichovaliwa miaka mingi, kwa macho yangu, hukishinda kipya.

Cha kuhofia ni unga wa kijani hafifu. Gusa kwa kijiti cha meno: utando mzuri hautoki, unga hubanduka. Unga huo huletwa na chumvi, nasi tunaishi pwani. Ukitoka kuogelea Coco Beach au Kigamboni, suuza bangili kwa maji yasiyo na chumvi, kisha ikaushe vizuri, hasa pembeni mwa jiwe ambako maji hujificha.

Ndimu na chumvi hung'arisha shaba, hilo ni kweli, ila jiwe ndilo linaloumia. Tindikali hula malakaiti, lile jiwe la kijani, na marijani. Feruzi hufyonza majimaji na kubadilika rangi. Malakaiti ina ugumu wa 3.5 hadi 4 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho almasi ni 10, kwa hiyo hata dawa ya meno yaweza kuikwaruza. Tanzanaiti yetu ya Mirerani ni 6 hadi 7, na vumbi la barabarani lina punje za kwatzi zenye ugumu wa 7. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu unaliparua jiwe. Lisuuze kwanza.

Na ukimpelekea sonara pete ya tanzanaiti aiunge kwa moto, mwombe alitoe jiwe kabla hajaanza. Joto likibadilika ghafla, hupasuka.