Pwani ya Nice haina minazi: dhana potofu kuhusu makumbusho na bustani za kusini mwa Ufaransa

Kila inapokaribia Julai simu yangu haipumziki. Shemeji, rafiki wa shemeji, na mtu aliyepewa namba na mtu nisiyemjua, wote swali ni moja: "Tunakuja kusini mwa Ufaransa, tukaone nini?" Naishi Marseille, na nimeshatembeza wageni wa kutosha kuanzia huku hadi mpakani mwa Italia. Kuwaelekeza si kazi. Kazi ni kuyang'oa yale waliyokuja nayo kichwani, maana kila moja lina gharama yake: siku iliyopotea, miguu iliyochoka bure, au nauli ya kwenda kuangalia geti lililofungwa.

"Ukitaka kufaidi, njoo Agosti"

Hapa ndipo penye mzizi wa mengine yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Picha za Nice zinazosambaa ni za watu waliojilaza ufukweni, basi mtu anaamini mji ule ulizaliwa na kiangazi. Sivyo. Waingereza walioanza kumiminika huko karne ya 18 walikuwa wakikimbia baridi ya kwao. Walifika baridi inapoanza, wakaondoka joto linapokaza. Barabara ya ufukweni, Promenade des Anglais, maana yake matembezi ya Waingereza, ilianza kama njia ya kawaida miaka ya 1820 kwa fedha za wageni hao hao. Malkia Victoria naye alishukia Cimiez, mtaa wa mlimani, mwishoni mwa miaka ya 1890, na hakuja Agosti. Mtindo wa kujianika juani katikati ya kiangazi ulishika miaka ya 1920. UNESCO ilipoiingiza Nice katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021, sifa iliyotajwa ilikuwa hiyo: mji wa mapumziko ya majira ya baridi.

Sasa fikiria bustani. Aliyezipanda alikuwepo Januari, hakuwepo Agosti. Alichagua mimea itakayomchanulia yeye akiwepo. Mimosa hufunika vilima vya Tanneron, nyuma ya Cannes, kwa manjano kuanzia Januari hadi Machi. Mishubiri hutoa mashada mekundu wakati Paris watu wanatetemeka. Malimau ya Menton huiva majira hayo, na mji huyafanyia tamasha Februari tangu 1934. Ukija Agosti utaikuta mimea mingi imejikunyata inasubiri mvua, vumbi liko juu ya majani, na foleni ya tiketi iko juani.

Sisemi Desemba ni peponi. Mchoraji Henri Matisse alifika Nice mwishoni mwa 1917, akapokewa na mvua mfululizo hadi akawa anafunga mizigo. Upepo wa mistral ukavuma, mawingu yakaondoka, akaiona ile nuru. Alikaa huko sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki, akafia huko 1954. Kwa hiyo beba mwavuli, na usiondoke siku ya pili.

"Ufukwe mzima umejaa minazi"

Hakuna hata mmoja. Mnazi hauvumilii baridi ya pale. Mgeni kutoka Mombasa aliwahi kuniuliza madafu yanauzwa wapi, na sikumcheka, kwa sababu kwa mbali macho yanadanganya. Miti ile mingi ni mitende ya Visiwa vya Canary, iliyopandwa kwa wingi karne ya 19 ili mgeni aliyeshuka kwenye treni ajione amefika nchi ya joto. Kwa ukoo ni ndugu wa mtende wa Arabuni, na ni ndugu pia wa mkindu wetu, ule unaotoa ukindu wa mikeka. Ukisogea karibu utaliona jani: mwiba mkali chini, na mgawanyiko ule ule wa ukindu ambao bibi yako alikuwa akiuchana.

Mingi imekufa. Sisi tuna chonga anayetoboa minazi. Wao wana mdudu mwekundu mwenye mdomo mrefu, asili yake Asia, aliyeonekana Ufaransa mwaka 2006. Funza wake hula moyo wa mti ndani kwa ndani. Siku moja unaona kilele kimeinama kama mwavuli uliovunjika mbavu, na hapo mti umeshakwisha kitambo. Visiki unavyoviona bustanini si uzembe wa watunzaji.

"Bustani ndiyo mimea ya asili ya pwani ile"

Shangazi yangu wa Tanga alikuja Januari, kwa ushauri wangu. Nikampeleka Èze, kijiji kilichokaa juu ya mwamba, zaidi ya mita 400 kutoka baharini. Kileleni kuna bustani iliyopandwa baada ya Vita Kuu ya Pili juu ya magofu ya ngome ambayo Mfalme Louis XIV aliamuru ibomolewe mwaka 1706. Tumepanda vijia vya mawe, shangazi anahema, kanga imevaliwa chini ya makoti mawili. Tukaingia. Akasimama mbele ya mmea mpana wenye majani mazito ya kijivu na miiba pembeni, akautazama kwa muda.

"Mwanangu, huu si mkonge huu?"

Nikamwambia ni wa ukoo huo huo, shangazi.

"Nimepanda ndege kuja kuangalia mkonge?"

Akageuka upande wa pili, akakuta mshubiri umechanua. Akakata kipande cha hewa kwa kidole, kama anayeonja, akakunja uso. Shubiri ni shubiri popote.

Nilipopata nafasi ya kujitetea nilimwambia hivi. Mmea ule wa kijivu, agave, asili yake Meksiko. Mkonge wa Tanga nao asili yake Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche elfu moja ikasafirishwa, iliyofika hai ni 62. Mshubiri ule wa mashada mekundu ni wa kusini mwa Afrika. Bogenvilia, iliyopanda kila ukuta wa Nice kama ilivyopanda kila ukuta wa Nyali, ni ya Amerika Kusini. Mimosa ni jamaa wa migunga lakini kwao ni Australia. Ukitaka mimea ya pale hasa, iko nje ya geti: misonobari iliyopinda kwa upepo, mialoni isiyopukutisha majani, rozmari, vichaka vidogo vyenye harufu ambavyo hakuna anayevipiga picha.

Kazi hii ya kuhamisha mimea ina anwani. Mwaka 1857 mwanabotania Gustave Thuret alinunua ardhi Cap d'Antibes akaanza kujaribu miti ya mbali, ione kama itastahimili. Mikalitusi mingi ya eneo lile inahusiana na majaribio ya aina hiyo. Bustani yake bado ni ya watafiti, na kuingia ni bure. Menton, bustani ya Val Rahmeh, iliyo chini ya makumbusho ya taifa ya elimu ya viumbe tangu 1966, ina toromiro, mti wa Kisiwa cha Pasaka uliotoweka kabisa porini kwao. Mkimbizi wa kweli huo. Mgeni asiyejua hupita akitafuta maua makubwa zaidi.

"Makumbusho ya mchoraji yana picha zake zote maarufu"

Hii ndiyo inayowavunja watu moyo. Mtu analipa tiketi ya makumbusho ya Matisse pale Cimiez, anazunguka vyumba vyote, anatoka akiuliza iko wapi ile picha kubwa ya watu wekundu wanaocheza duara. Iko Saint Petersburg. Ya kwanza yake iko New York. Matajiri wa Urusi na Marekani walinunua mapema.

Kilichoko Nice ni kile Matisse mwenyewe na warithi wake walichokitoa, na kwa maoni yangu ndicho kinachofaa safari. Jumba ni la karne ya 17, kuta nyekundu, ndani ya shamba la mizeituni kando ya magofu ya mji wa Kirumi. Lilifunguliwa kama makumbusho mwaka 1963. Humo kuna kiti cha kizamani cha Kivenisi, chenye mapambo ya kujipindapinda, alichokipenda kiasi cha kukichora mwaka 1946. Kiti kipo, na picha ya kiti ipo. Simama uvitazame vyote viwili. Utaona alichoacha, alichonyoosha, alichokuza. Hakuna jumba kubwa la Paris litakalokufundisha hivyo kwa dakika kumi. Kaburi lake liko jirani, kwenye makaburi ya Cimiez.

Antibes ni hivyo hivyo. Picasso alifanya kazi ndani ya ngome ya Grimaldi, ambayo leo ni makumbusho yake, kwa majuma machache tu ya mwaka 1946. Vita vilikuwa vimekwisha juzi, turubai hazipatikani, basi akachukua alichokipata mjini: rangi za kupakia mashua, mbao nyembamba, vibao vya saruji. Mtu anayekula wale viumbe wa baharini wenye miiba, ambao ukiwakanyaga mwambani unajuta, alimchora juu ya picha ya zamani ya afisa wa jeshi aliyoikuta humo humo ndani. Alipoondoka aliacha michoro 23 ya rangi na 44 ya kalamu. Ukiwa chumbani bahari iko dirishani, ile ile aliyokuwa akiitazama. Ukitafuta "Picasso wa vitabuni" utasema umeibiwa.

Mchoraji Chagall ni kinyume kidogo: jumba lake la Nice lilijengwa makusudi kwa ajili ya michoro 17 ya Biblia, likafunguliwa 1973 yeye akiwa hai, ana miaka 86, na ndiye aliyepanga ipi ikae wapi.

"Majumba yale ni ya kale"

Villa Kérylos ya Beaulieu watu huipiga picha wakiamini ni ya Wagiriki wa kale. Ilijengwa kati ya 1902 na 1908 na msomi tajiri, Théodore Reinach, aliyetaka kuishi kama Mgiriki lakini asikose umeme wala maji ya moto. Piano imefichwa ndani ya kabati. Jirani yake, Villa Ephrussi de Rothschild, ilikamilika 1912. Mwenyewe, Béatrice, aliipa bustani umbo la sitaha ya meli kwa kuwa bahari inaonekana pande zote mbili, akawavisha watunza bustani kofia za mabaharia zenye kishada chekundu. Hakukaa sana humo. Mwaka 1934 alifariki akawa ameirithisha Académie des Beaux-Arts, taasisi ya sanaa ya Ufaransa.

"Jumatatu ndiyo siku ya kufunga"

Inategemea mlango. Makumbusho ya Matisse, ya Chagall na Mucem, makumbusho ya tamaduni za Mediterania pale Marseille, hufunga Jumanne. Picasso wa Antibes hufunga Jumatatu. Niliwahi kupeleka watu sita, wawili watoto, kwenye jumba moja siku ya Jumanne kwa kujiamini tu. Tulikula mkate wetu kwenye ngazi. Tarehe 1 Mei usijaribu kabisa.

Na hili la Èze: stesheni ya treni iko chini baharini, kijiji kiko juu. Njia ya miguu ipo, imepewa jina la mwanafalsafa Nietzsche aliyekuwa akiipanda, lakini ni zaidi ya saa nzima ya mlima. Panda basi kutoka Nice.

"Ni mambo ya matajiri"

Jumapili ya kwanza ya mwezi Chagall ni bure. Shamba la mizeituni la Cimiez ni bure kila siku. Marseille, Mucem iliyofunguliwa 2013 hutoza tiketi za maonyesho, lakini juu ya paa lake na kwenye bustani za ngome ya Saint-Jean unaingia bila senti. Bustani hiyo inaitwa Bustani ya Uhamaji, inaeleza jinsi mimea ilivyosafiri kuizunguka Mediterania. Jumapili jioni hujaa familia za Wakomoro, maana Marseille ina Wakomoro wengi sana, na sikio la Mswahili hushika neno hapa na neno pale.

"Ukiwa na viza ya Schengen hakuna mpaka"

Bustani ninayoipenda kuliko zote iko upande wa Italia, hatua chache kutoka Menton: Hanbury, pale La Mortola. Thomas Hanbury, aliyetajirika kwa biashara Shanghai, aliinunua 1867 na kuipanda pamoja na kaka yake Daniel, mfamasia; leo iko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Genova. Inateremka kutoka barabarani hadi baharini, ikiikata njia ya Kirumi, Via Julia Augusta. Kumbuka kwamba mteremko ule ule ndio mlima wa kurudi.

Wakati wa kurudi Ufaransa, treni hukaguliwa. Ukaguzi huo ulirudishwa 2015, na sisi wenye ngozi hii tunaombwa karatasi mapema kuliko wengine. Picha ya pasipoti kwenye simu haitoshi. Shangazi alipofikiwa alifungua koti la kwanza, akafungua la pili, akaifikia kanga, akafungua fundo, akatoa pasipoti. Askari akaitazama, akamrudishia. Shangazi akaanza kufunga upya, fundo, koti, koti, na treni nzima ikamsubiri.