Je, wajua kwa nini mvua ya Novemba Mtwara hulowesha mtaa mmoja na kuuruka mwingine?

Mwezi Novemba mtu wa Shangani anaweza kukimbilia kuanua nguo kambani huku mwenzake wa Mikindani, kilomita kama kumi tu kutoka hapo, anamwagilia mchicha. Wiki hiyohiyo Newala inapigwa radi kila alasiri, Lindi mjini inanyeshewa alfajiri na Nachingwea haipati hata tone. Wengi husema utabiri umekosea, au kwamba siku hizi hali ya hewa haieleweki. Ukweli ni kwamba mvua hiyo ina mpangilio wake, ila si ule wa mvua za Januari, na anayeipangia shughuli zake kama ya Januari ndiye anayekula hasara.

Jua limefika, mvua bado

Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua likielekea kusini hupita utosini mwetu kati ya tarehe 18 na 20 Oktoba, kisha hurudi kupita tena kwenye tarehe 22 Februari. Kwa hesabu hiyo mvua ingepaswa kuanza Oktoba. Haianzi, kwa sababu ukanda wa mvua, yaani eneo zinapokutana pepo za kaskazini na za kusini, hulifuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa: bahari na nchi kavu huchukua muda kupata joto. Novemba ukanda huo bado uko kaskazini yetu, ukileta vuli Tanga, Pwani na Dar es Salaam. Sisi wa kusini hatuna vuli na masika. Tuna msimu mmoja, wa Novemba hadi Aprili, na uzito wake halisi huanza Desemba.

Wakati huo kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshachoka na kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, haijashika. Ni tangambili: upepo hafifu unaogeuka kila mara, joto la nyuzi 31 au 32 mchana, na fukuto linalokunyima usingizi. Kunapokosekana upepo mkubwa wa kuyasukuma mawingu juu ya mkoa mzima, vitu vidogo vya mahali ndivyo vinavyoamua nani alowe: ukingo wa pwani, mwinuko wa ardhi, bonde.

Pwani kazi hiyo hufanywa na upepo wa bahari. Kuanzia saa nne au saa tano asubuhi nchi kavu huwa na joto kuliko bahari, hewa yake hupanda, na hewa yenye unyevu kutoka baharini huingia kujaza nafasi. Mbele ya upepo huo hewa hubanana na kulazimika kupanda, na hapo mawingu huanza kujengeka. Lakini upepo hauishii ufukweni. Kadiri saa zinavyokwenda husogea bara, ndiyo maana mchana anga ya Mtwara mjini huwa safi huku mlima wa mawingu unaonekana upande wa magharibi. Ukingo wa uwanda wa Makonde huongeza nguvu: hewa iliyopata joto katika bonde la Ruvuma hupanda kwenye miteremko ya Newala, na kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili jioni ngurumo huanza. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo hutoka bara kwenda baharini, na hewa hukutana karibu na ufukwe. Kwa hiyo mvua za mwanzo pwani mara nyingi huja usiku wa manane hadi alfajiri, na za bara huja alasiri. Si sheria isiyovunjika, lakini ukitaka kubahatisha, bahatisha hivyo.

Wingu moja la namna hii huwa na upana wa kilomita tano hadi kumi, na umri wake hauzidi saa moja sana. Ni kama mapovu ya uji unaochemka: unajua yatatokea, hujui lipi litapasukia wapi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza mvua na ngurumo katika maeneo machache ya mikoa ya Lindi na Mtwara, haikukwepa kusema ukweli. Huo ndio ukweli wenyewe. Kinachofaa kusikilizwa kwa makini ni ngazi za tahadhari: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Mvua kubwa katika matangazo hayo ni inayozidi milimita 50 kwa saa 24.

Na El Niño? Kila Oktoba swali hili huulizwa. El Niño huelekea kuongeza vuli ya Afrika Mashariki na kupunguza mvua za kusini mwa Afrika. Sisi tuko mpakani mwa kanda hizo mbili, hivyo athari yake kwetu ni dhaifu kuliko Dar es Salaam au Harare. Usiuze debe lako la akiba kwa sababu ya El Niño peke yake.

Korosho ndizo zinazoumia kwanza

Ubaya wa mvua hizi ni wakati wake. Korosho huanguka kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mnunuzi ghalani hupima unyevu. Korosho ghafi inayofaa kuhifadhiwa huwa na unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Iliyookotwa juzi ikiwa imelowa inaweza kuwa na 16 au zaidi. Hapo mkulima huona hasara ya mizani: kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 16, zikikaushwa hadi 8, hubaki kilo 91 na kidogo. Karibu kilo tisa zilizopungua ni maji, na hayakuwa mali. Hasara ya kweli ni ya yule asiyekausha, kwa sababu unyevu ndani ya gunia huleta ukungu, ganda hupata madoa meusi, punje hugeuka rangi, na mzigo hushushwa daraja.

Hatua ya kwanza ni kabla ya mvua: fyeka na fagia chini ya mikorosho, ili korosho iangukie mahali pakavu na ionekane. Mvua zikianza kuonja, okota kila siku. Korosho iliyolala siku tatu kwenye majani yenye maji hunyonya unyevu kupitia kovu la mahali iliposhikana na bibo, yaani tunda lake lenye nyama. Unapotenganisha na bibo, usiache nyama ya bibo kwenye kovu hilo, maana ndipo ukungu huanzia. Wengi huharakisha hapa, na ndipo wanapojiharibia.

Kuanika kunahitaji siku mbili hadi tatu za jua kamili. Tandaza kwenye turubai, jamvi au sakafu ya saruji, kamwe si juu ya udongo, kwa kuwa ardhi hurudisha unyevu usiku. Tandiko liwe jembamba, korosho moja au mbili kwa unene, na ligeuzwe mara tatu au nne kwa siku. Bara, ambako mvua huja alasiri, anika mara umande unapokauka na uwe umekusanya saa saba. Usisubiri kuona wingu. Pwani unaweza kuanika hadi jioni, lakini usiziache nje usiku hata kama nyota zinang'aa.

Kosa linaloharibu mizigo mingi hutokea baada ya jua. Korosho zikikusanywa za moto na kufunikwa turubai au kufungwa guniani papo hapo, joto lake hutoa jasho, jasho hugonga turubai na kurudi kama maji. Ziache zipoe kivulini saa moja au mbili kwanza. Kujua kama zimekauka, chukua kadhaa uzitikise sikioni: iliyokauka hugonga ndani ya ganda. Bonyeza ganda kwa ukucha. Likiacha alama, bado. Tumia magunia ya juti yanayopumua, si viroba vya plastiki, na yapange juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, kwenye chumba kisichovuja. Paa likaguliwe Septemba. Novemba fundi hapatikani.

Kuna jambo la pembeni lisilotajwa sana. Mvua ya kwanza ndiyo rafiki mkubwa wa kangomba, yaani ununuzi wa korosho kinyemela nje ya mnada. Mkulima akiona wingu na hana turubai, huziuza mbichi kwa bei ya kutupa badala ya kuzikausha na kuzipeleka chama cha msingi cha ushirika zikaingie mnadani. Turubai moja nzuri huokoa pesa nyingi kuliko maneno mengi ya kumlaumu mnunuzi.

Kupanda: mvua ya kweli na ya kuonja

Mtego mwingine ni shambani. Mvua moja nzito ya Novemba huleta harufu ya udongo na hamu ya jembe. Kigezo kinachotumika sana na wataalamu wa kilimo ni hiki: msimu umeanza ikiwa zimenyesha angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, na katika siku 30 zinazofuata hakutatokea ukame wa zaidi ya siku kumi. Nusu ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayoua mahindi.

Tuweke hesabu wazi. Kwenye udongo wa kichanga kama wa sehemu nyingi za uwanda wa Makonde, milimita 20 hushuka takribani sentimita 20 chini. Jua la Novemba na upepo huondoa karibu milimita tano kwa siku udongo ukiwa umelowa. Mbegu ya mahindi huchukua siku tano hadi saba kuota katika joto hilo. Kwa maneno mengine, mche hutokeza wakati akiba ya maji inaisha, na mvua isiporudi hukauka. Kwa hiyo chimba kishimo kabla ya kupanda. Unyevu ukiwa haujapita kina cha upana wa kiganja, subiri. Ukifika sentimita 20 na utabiri wa siku zijazo unaonyesha mvua zaidi, panda sehemu, usimalize mbegu zote siku moja. Mihogo na mtama husamehe zaidi kuliko mahindi. Ufuta hauhusiki na mbio hizi: Lindi hupandwa zaidi Januari na Februari.

Bahari, maji ya paa na harusi

Kwa anayetumia ngalawa au mashua, hatari ya mvua hizi ni upepo unaotangulia. Mvua inaponyesha ndani ya wingu, sehemu huvukia njiani, hewa hupoa, huwa nzito na kuporomoka, kisha hutawanyika juu ya maji kwa kasi. Dalili ni upepo wa baridi wa ghafla kutoka upande wa wingu na mstari mweusi juu ya bahari. Ukiuona, tanga lishushwe kabla haujafika. Ngurumo nazo hupimika: hesabu sekunde kati ya mwanga na sauti, gawa kwa tatu, upate kilomita. Ikiwa chini ya kumi, toka majini, na ukiwa shambani usijikinge chini ya mkorosho.

Kwa Newala na Tandahimba, ambako maji ya juu ya ardhi ni haba, mvua ya kuonja ni neema kwa pipa. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 6 likipata milimita 20 hupokea lita 960. Toa sehemu ya tano kwa yanayorukia nje na kuvuja, ubaki na lita 770 hivi. Lakini lita 50 za mwanzo zimwage: zina vumbi na kinyesi cha ndege cha kiangazi kizima. Mfereji wa bati ufagiliwe mapema, si siku ya mvua.

Harusi hufuata kanuni ileile ya saa. Masasi au Newala, nikaha na chakula viishe kabla ya saa nane. Lindi mjini alasiri ni salama zaidi, mradi kuni za kupikia pilau zimelala ndani usiku. Hema lisiwekwe bondeni mwa uwanja hata kama ndipo penye kivuli, na kamba zake zikazwe upya jioni, kwa sababu kamba ya katani hukaza ikilowa na kulegea ikikauka.

Hali hubadilika kaskazi ikishika, mara nyingi Desemba, na ukanda wa mvua ukitushukia. Mawingu hupanuka, mvua huchukua saa nyingi, na wa Shangani na wa Mikindani hulowa pamoja. Isipokuwa kimbunga kikijitokeza upande wa Msumbiji, kama Chido kilichotua Cabo Delgado tarehe 15 Desemba 2024. Kimbunga kikikaa kusini yetu huvuta hewa yenye unyevu kuelekea kwake, na huku kwetu zinaweza kupatikana siku kadhaa za jua katikati ya msimu. Hapo bahari huchafuka hata kama anga ni nyeupe, kwa hiyo mvuvi asikilize tangazo la mawimbi, ambalo hutolewa yakitarajiwa kufika mita mbili. Mwenye korosho za mwisho azianike siku hizo, na aliye bara aanze kuziingiza saa saba mchana kama kawaida.