Je, Wajua kwa Nini Padre Huwa Shemasi Kwanza, Lakini Askofu Mkuu Hapewi Daraja Jipya?

Tarehe 6 Novemba 2014 Papa Fransisko aliliinua Jimbo Katoliki la Dodoma kuwa Jimbo Kuu, akaliunganisha na majimbo ya Singida na Kondoa katika kanda moja ya kikanisa, kisha akamteua Mhashamu Beatus Kinyaiya, mtawa wa shirika la Wakapuchini aliyekuwa Askofu wa Mbulu, awe Askofu Mkuu wake wa kwanza. Aliposimikwa hakuwekewa mikono wala kupakwa krisma, yaani mafuta matakatifu, kichwani, kama anavyofanyiwa askofu mpya. Kwa upande mwingine, kijana wa Chamwino au Bahi anayetamani upadre hawezi kuufikia kwa hatua moja: ni lazima kwanza awekewe mikono kuwa shemasi, atumike hivyo kwa kipindi fulani, ndipo awekewe mikono tena kuwa padre. Kwa nini huyu awekewe mikono mara mbili, na yule aliyetoka uaskofu akaingia uaskofu mkuu asiwekewe kabisa?

Jibu ni kwamba Sakramenti ya Daraja Takatifu ina madaraja matatu tu: ushemasi, upadre na uaskofu. Majina mengine yote tunayoyasikia parokiani na jimboni, yaani paroko, dekano, makamu wa askofu, monsinyori, askofu mkuu na kardinali, ni majina ya kazi aliyokabidhiwa mtu au heshima aliyopewa. Kazi hutolewa kwa barua ya uteuzi na inaweza kurudishwa. Daraja hutolewa kwa kuwekewa mikono na kwa sala, na likishatolewa halifutiki. Waamini wengi huyapanga majina hayo yote katika mstari mmoja kama vyeo vya jeshini, na naona inafaa tuyatenganishe kwa uangalifu, kwa sababu anayeyachanganya hawezi kuelewa kwa nini malezi ya padre yamepangwa yalivyopangwa.

Malezi hayo ni marefu. Wengine huanzia seminari ndogo, ambayo ni shule ya sekondari yenye malezi ya kiroho, kama ile ya Bihawana nje kidogo ya mji wa Dodoma. Wengine hujiunga baada ya kumaliza shule za kawaida. Hufuata kipindi cha maandalizi, halafu falsafa, halafu teolojia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka masomo ya falsafa na teolojia yachukue miaka 6 kamili, kwa kawaida miwili ya falsafa na minne ya teolojia, ingawa huku kwetu falsafa imezoeleka kuchukua miaka 3. Seminari kuu ni za maaskofu wote kwa pamoja, na kwa hiyo frateri, yaani mseminari, wa Dodoma anaweza kujikuta akisoma falsafa Kibosho au Ntungamo, na teolojia Kipalapala, Segerea au Peramiho, pamoja na wenzake kutoka kila pembe ya nchi. Katikati ya masomo hupelekwa parokiani kwa kazi za kichungaji, ambako paroko na waamini humwona akiishi nao, akifundisha na akitembelea wagonjwa, na maoni yao humfikia askofu na gambera, yaani mkuu wa seminari.

Mpangilio huu haukuwapo tangu mwanzo. Mwaka 374 watu wa Milano walimtaka Ambrosi, mtawala wao, awe askofu wao ilhali alikuwa bado mkatekumeni, yaani mtu anayeandaliwa kubatizwa. Alibatizwa, na baada ya siku chache tu akawa askofu. Alikuja kuwa mmoja wa walimu wakubwa wa Kanisa, lakini Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nisea wa mwaka 325 ulikuwa umekwisha kukataza desturi ya kuwapandisha haraka watu waliobatizwa juzi, kwa kuwa anayepewa uongozi anahitaji muda wa kujaribiwa. Ilichukua karne nyingi zaidi kupata shule maalumu: ni Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulioagiza majimbo yawe na seminari. Hadi mwaka 1972 mseminari alipitia pia madaraja madogo, kama ungoja mlango, usomaji na uondoaji pepo, kisha ushemasi mdogo. Mwaka huo Papa Paulo VI aliyaondoa, akabakiza usomaji na utumishi wa altare, ambazo haziitwi tena madaraja bali huduma, na tangu mwaka 2021 huduma hizo mbili hutolewa pia kwa wanawake.

Sasa turudi kwenye ushemasi, kwa maana hapa ndipo lilipo jambo ambalo watu wengi hulipita haraka. Wageni wanaokuja kwenye Misa ya ushemasi mara nyingi huiona kama mazoezi ya upadrisho utakaofuata, na hata familia huweka nguvu zao zote katika sherehe ya pili. Lakini siku ambayo maisha ya kijana hubadilika kisheria ni siku ya ushemasi. Siku hiyo huacha kuwa mlei, yaani mwamini asiye na daraja, na kuwa mkleri, yaani mwenye daraja. Huahidi useja mbele ya watu wote, na huahidi utii kwa askofu wake na waandamizi wake. Ikiwa ni wa jimbo, huandikishwa katika jimbo fulani na kuwa mtu wake, kwa sababu Kanisa halitaki mkleri asiye na mwenyeji. Sheria inataka awe ametimiza miaka 23, na apitishe angalau miezi 6 katika ushemasi kabla ya kuwa padre, ambaye naye hapaswi kuwa chini ya miaka 25.

Miezi hiyo si ya kungoja tu. Shemasi hubatiza, huhubiri, hufungisha ndoa, huongoza mazishi na hupeleka Komunyo kwa wagonjwa. Haadhimishi Misa, haondolei dhambi na hatoi Mpako wa Wagonjwa. Stola yake, yaani utepe mrefu wa ibada, huikatiza kutoka bega la kushoto, wakati padre huvaa yake ikining'inia pande zote mbili, na kwa hiyo mwamini aliyeketi nyuma kabisa anaweza kuwatambua. Ukisoma sura ya 6 ya Matendo ya Mitume utaona wale saba wakiwekewa mikono kwa ajili ya kuwahudumia wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa chakula, na Kanisa limeutazama ushemasi kwa macho hayo tangu zamani: yeye huwekwa kwa huduma. Padre haupotezi ushemasi wake anapopewa upadre, wala askofu haachi upadre wake. Ndiyo maana huduma hutangulizwa: atakayeongoza altare awe kwanza amefungwa na wajibu wa kuwatumikia watu, na wajibu huo ubaki chini ya yote atakayopewa baadaye.

Tofauti za madaraja huonekana wazi zaidi katika ibada yenyewe, na ningemshauri yeyote atakayehudhuria upadrisho, ambao kwetu mara nyingi hufanyika Juni au Julai, atazame mikono. Mteule huitwa kwa jina, hujibu kwamba yupo, na askofu huuliza kama amethibitika kustahili. Majina huwa yamekwisha kutangazwa parokiani, na mwenye kujua kizuizi ana wajibu wa kumwarifu paroko au askofu. Mteule hulala kifudifudi huku litania ya watakatifu ikiimbwa. Kisha kwaya hunyamaza, na hata vigelegele vya kina mama hukoma. Katika ushemasi, askofu peke yake humwekea mikono. Katika upadre, baada ya askofu, mapadre wote waliopo hupita mmoja mmoja wakimwekea mikono, kwa kuwa anaingia katika jamii yao. Katika uaskofu, maaskofu wanaomweka wakfu huwa kwa kawaida watatu au zaidi, ishara kwamba anapokewa na urika wote wa maaskofu. Vivyo hivyo kwa mafuta: shemasi hapakwi, padre hupakwa viganja, askofu hupakwa kichwa. Shemasi hukabidhiwa Kitabu cha Injili, padre mkate na divai, na askofu Injili, pete, mitra (kofia ya kiaskofu) na fimbo ya kichungaji.

Kinyume chake, hakuna ibada ya kuwekewa mikono kwa askofu mkuu. Anachopewa ni pallio, utepe wa sufu nyeupe wenye misalaba myeusi unaobarikiwa Roma katika sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, nao ni ishara ya wajibu wake wa kuiratibu kanda. Mhashamu Gervasius Nyaisonga aliwekwa wakfu mwaka 2011 kuwa Askofu wa Dodoma, akahamishiwa Mpanda mwaka 2014, na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Mbeya; amehama mara mbili akiwa na daraja lile lile moja. Ukardinali nao huonyesha wazi kwamba majina haya hayafuatani kama ngazi: Laurean Rugambwa alifanywa Kardinali mwaka 1960, wa kwanza Mwafrika katika zama zetu, akiwa bado askofu wa kawaida huko Kagera, na uaskofu mkuu wa Dar es Salaam aliupata miaka 8 baadaye. Umonsinyori ni heshima tupu, na tangu mwaka 2014 majimboni hutolewa tu kwa mapadre waliofikia miaka 65.

Nisimsahau katekista, ambaye katika vigango vya Dodoma, yaani makanisa madogo yaliyo mbali na makao ya parokia, ndiye huongoza ibada ya Jumapili padre asipofika. Yeye ni mlei, hana daraja, na hahesabiwi katika lolote kati ya haya niliyoyaeleza, ingawa bila yeye vigango vingi vingekaa wiki kadhaa bila ibada ya pamoja.

Kwa kuwa daraja halifutiki, umri pia hauligusi. Askofu hutakiwa kuomba kustaafu afikapo miaka 75. Mhashamu Mathias Isuja, aliyeliongoza Jimbo la Dodoma tangu mwaka 1972, alipostaafu mwaka 2005 alikabidhi uongozi wa jimbo, lakini aliendelea kuwa askofu. Hata padre aliyeondolewa katika hali ya ukleri, asiyeruhusiwa tena kuadhimisha Misa wala kukaa kitubioni, sheria hiyo hiyo ya Kanisa inatambua kwamba akikutana na mtu aliye katika hatari ya kufa anaweza kumwondolea dhambi zake, na maondoleo hayo ni halali.